Barua ya wazi kwa mnaoshika mkasi wa bajeti za vyuo vikuu

Kwa wenyeviti na wajumbe wa mabaraza ya vyuo vikuu, makamu wakuu wa vyuo, na mawaziri wenye dhamana ya elimu ya juu.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mhadhiri, mmoja wa wale wanaopokea waraka wa kubana matumizi mara tu baraza linapomaliza kikao chake. Waraka huja na jedwali. Idara inatakiwa ijaze kasma, yaani fungu la bajeti, itakayopunguzwa, kiasi, na tarehe ya kuanza. Wenzangu wa vyuo vingine wananiambia kwamba jedwali lao halitofautiani na letu. Hakuna hata moja lenye safu inayouliza: kitu hiki kikishaondolewa, kitachukua miaka mingapi kurudi?

Ombi langu lote liko hapo. Kama ni lazima kukata, anzeni na kile kinachoweza kurudishwa mwakani, na muishie kwa kile kinachohitaji kizazi kizima kukijenga upya. Mnachofanya sasa, kwa sehemu kubwa, ni kinyume chake.

Sikuja kudai kwamba fedha zipo na mmezificha. Najua kwamba katika nchi nyingi wanafunzi wameongezeka kuliko ruzuku. Najua pia kwamba gharama za chuo kikuu hupanda hata pale ambapo hakuna anayefuja. Mwaka 1966 wanauchumi William Baumol na William Bowen walilieleza jambo hili walipochunguza sanaa za jukwaani: kikundi cha wapiga ala za nyuzi wanne bado kinahitaji watu wanne na muda uleule kupiga muziki uleule wa karne mbili zilizopita, ilhali mishahara yao haina budi kupanda pamoja na ya viwandani, ambako mashine zimeongeza uzalishaji. Ualimu uko hivyohivyo. Kuisoma rasimu ya tasnifu ya mwanafunzi mmoja kwa makini ni kazi ya saa nyingi leo kama ilivyokuwa zamani. Basi mtu akiwaahidi elimu ileile kwa fedha pungufu, akasema ufanisi ndio utakaoziba pengo, mwulizeni kwa upole anamaanisha nini. Mara nyingi anamaanisha darasa la watu arobaini liwe la watu mia mbili, na tasnifu isomwe utangulizi na hitimisho.

Nianze na njia mnayoipenda kuliko zote, yaani kusitisha ajira mpya. Naelewa kwa nini mnaipenda. Hamfukuzi mtu, hakuna kesi mahakamani, chama cha wafanyakazi hakipigi kelele sana, na magazeti hayaandiki. Lakini tazameni nani hasa anayeamua nini kikatwe. Si ninyi, wala si seneti, yaani kikao kikuu cha kitaaluma cha chuo. Wanaoamua ni umri, maradhi, na vyuo vya nje vinavyowachukua walio bora. Idara ya watu wanne ikipoteza wawili kwa kustaafu na mmoja kwa kuhama, idara hiyo imekatwa robo tatu bila kikao chochote kujadili kama nchi inaihitaji au haiihitaji. Idara ya jirani, yenye vijana watupu, haikuguswa. Hakuna aliyechagua hivyo, na kwa sababu hakuna aliyechagua, hakuna wa kuulizwa.

Na yule mmoja aliyebaki? Anabeba kozi za wenzake watatu. Utafiti unasimama. Hawezi tena kusimamia wanafunzi wa uzamivu, na hao ndio waliotarajiwa kushika nafasi zilizo wazi. Piga hesabu: shahada ya kwanza miaka mitatu au minne, uzamili miwili, uzamivu minne au zaidi. Kumpata mhadhiri mmoja wa kuanzia ni kazi ya takribani miaka kumi, na hiyo ni endapo amebaki mtu wa kumlea kitaaluma. Asipokuwapo, mnaanzia sifuri, au mnamtafuta nje kwa mshahara ambao mlisema hamna. Akiba ya miaka mitatu inanunuliwa kwa pengo la miaka ishirini, na atakayelilipia atakuwa makamu mkuu mwingine kabisa.

Kukata asilimia sawa kwa kila idara nako kunaonekana haki. Si haki. Idara yenye wahadhiri sitini ikipoteza sita inajipanga upya, inaunganisha madarasa, inaendelea. Idara yenye watu watano ikipoteza nusu ya mtu, kwa vitendo imepoteza mtu mzima, na mtu huyo huenda ndiye pekee anayejua tawi lake la taaluma katika chuo kizima.

Kuna jambo la kihesabu ambalo nadhani wajumbe wengi wa mabaraza hawaelezwi vya kutosha, nami naliomba lipewe muda. Idara inapoitwa ya hasara, hasara hiyo huwa imechanganywa na mgawo wa gharama za jumla: umeme, ulinzi, ofisi ya msajili, mfumo wa kompyuta, marejesho ya mikopo, ofisi zenu wenyewe. Gharama hizo hugawiwa idara kwa kanuni fulani, labda kwa idadi ya wanafunzi, labda kwa ukubwa wa vyumba. Mkiifunga idara ya falsafa, mishahara ya watu wake inaondoka, lakini pamoja nayo inaondoka ada ya wanafunzi wake, na ule mgawo wa gharama za jumla hauendi popote. Unahamia kwa jirani. Mwaka unaofuata historia, ambayo ilikuwa ikijitosheleza, nayo inaonekana ya hasara, na mwaka wa tatu ni zamu ya isimu. Kumbe hizi idara za kalamu na karatasi, zisizohitaji maabara wala kemikali, mara nyingi ndizo zinazoingiza ada kuliko zinavyotumia, na ziada yake ndiyo inayosaidia kuendesha fani ghali. Kabla ya kupiga kura ya kufunga idara yoyote, mtakeni mhasibu mkuu awaonyeshe hesabu mbili: moja yenye mgawo huo, nyingine isiyo nao. Muone ni kiasi gani hasa kitabaki mfukoni.

Mifano haihitaji kutafutwa mbali. Septemba 2023 bodi ya Chuo Kikuu cha West Virginia, Marekani, ilipiga kura kufuta programu 28 na nafasi 143 za wahadhiri ili kuziba pengo la dola milioni 45. Viongozi wake walikuwa wametarajia wanafunzi waongezeke. Badala yake walipungua. Kosa la makadirio lilifanywa juu, lakini lililipwa chini, na idara ya lugha za kigeni ilikuwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Denmark mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Copenhagen kilitangaza kupunguza nafasi zaidi ya 500 baada ya serikali kudai akiba ya asilimia mbili kila mwaka. Wala msidhani sayansi ziko salama. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kilipotangaza kufunga idara yake ya kemia, Harry Kroto, mshindi wa Nobel ya kemia ya mwaka 1996, alikirudishia shahada ya heshima kiliyokuwa kimemtunuku.

Kwenu mawaziri, nawaomba muutazame mfano wa Uholanzi. Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Utrecht kilitangaza mpango wa kusitisha programu sita za shahada ya kwanza, zikiwemo Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Uislamu na Kiarabu, na lugha na utamaduni wa Waselti (jamii kama za Ireland na Wales). Hiyo ya Waselti ndiyo ilikuwa programu pekee ya aina yake nchini humo. Chuo kimoja kikitazama vitabu vyake peke yake, uamuzi wa namna hiyo una mantiki: wanafunzi ni wachache. Lakini chuo cha pili kinatazama hivyohivyo, na cha tatu pia, kila kimoja bila kumwuliza mwenzake, hadi siku moja nchi inagundua kwamba haina hata mtu mmoja wa kufundisha fani fulani, na hakuna aliyewahi kuamua kwamba iwe hivyo. Hili si la kuachiwa makamu wakuu. Ni kazi ya wizara kujua, kwa orodha, fani zipi zimebaki na mwalimu mmoja au wawili nchi nzima, na kuzilinda kwa fedha ambazo hazipitii katika mashindano ya idadi ya wanafunzi.

Bara la Afrika limewahi kulipia somo hili. Katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia ilishikilia kwamba fedha iliyowekwa katika shule ya msingi inazaa kuliko iliyowekwa chuo kikuu. Hesabu hiyo ililinganisha zaidi mishahara ya waliosoma na gharama za kuwasomesha. Faida za chuo kikuu zisizoonekana kwenye mshahara wa mtu mmoja hazikuwemo. Enzi za marekebisho ya uchumi zikaandamana na mkato. Maktaba ziliacha kupokea majarida, maabara zikakosa kemikali, wahadhiri wakaondoka au wakatafuta kazi ya pili na ya tatu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikafungua milango kwa wanafunzi wanaojilipia, na fedha zao zikakiokoa chuo, lakini madarasa yakafurika na idara zikaanza kugombania kozi zinazoleta wateja. Mwaka 2000 jopo lililoitishwa na Benki ya Dunia pamoja na UNESCO lilikiri kwamba ule mtazamo wa faida ulikuwa finyu mno. Kukiri kulihitaji ripoti moja. Lakini waliokuwa wameondoka walikuwa wameshazeeka ugenini, na wanafunzi ambao wangewasimamia walikuwa wameshakwenda njia nyingine. Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu baadhi yenu mlikuwa wanafunzi wakati huo. Mliyaona yale makabati ya majarida yanayokomea mwaka mmoja, kana kwamba elimu ya dunia ilisimama hapo.

Sasa nije kwenye majengo. Mtanijibu kwamba fedha za maendeleo haziruhusiwi kulipa mishahara, na mara nyingi ni kweli. Lakini jengo likishafunguliwa, umeme wake, ulinzi, usafi, matengenezo ya lifti na marejesho ya mkopo vinahamia kwenye matumizi ya kawaida, na huko ndiko vinakokutana na mshahara wa mhadhiri na fundi sanifu wa maabara. Vinapokutana, mkopo hushinda kila mara, kwa sababu benki ina mkataba na inajua njia ya kwenda mahakamani. Na hata mfadhili ana udhaifu wake: anapenda jina lake libandikwe kwenye ukumbi mpya, lakini sijawahi kuona ukumbi uliobandikwa jina la aliyetengeneza paa linalovuja. Jengo lililoahirishwa miaka mitatu litajengwa mwaka wa nne, pengine kwa mchoro bora zaidi. Nawaomba, wakati wa mkato, kusiwe na jiwe hata moja la msingi linalowekwa.

Maktaba nayo ina simulizi inayopaswa kuwatia nguvu. Mwaka 2012 Harvard, chuo chenye mfuko mkubwa wa akiba kuliko vyuo vikuu vyote duniani, kilitoa waraka kikisema gharama ya majarida ya baadhi ya wachapishaji wakubwa imekaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka na hali hiyo haiwezi kuendelea. Kama Harvard wanasema hivyo, mwingine aseme nini? Mwaka 2019 mfumo wa vyuo vikuu vya California ulikataa kuhuisha mkataba wake na Elsevier, kampuni kubwa ya kuchapisha majarida ya kitaaluma, mkataba uliokuwa ukigharimu zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka, kwa sababu ulitaka makala za watafiti wake zisomwe bure na dunia nzima. Mwaka 2021 pande mbili zikakubaliana kwa masharti yaliyobeba dai hilo. Walishinda kwa sababu vyuo kumi vilizungumza kwa sauti moja. Kwa nini ninyi, katika nchi moja, kila mmoja ananunua peke yake kitu kilekile kutoka kwa muuzaji yuleyule? Hapa kuna mkato ambao hata mimi ningeushangilia: hamwondoi mtu, hamfungi idara, na mkikosea mwaka huu mnaweza kujirekebisha mwaka ujao.

Kuna mkato mwingine ambao haujulikani kwa jina la mkato, nao ni kuchelewesha malipo. Mhadhiri wa muda anafundisha muhula mzima, anasahihisha mitihani, matokeo yanatangazwa, na fedha yake haijaja. Makubaliano ya mishahara yanatiwa saini, kisha yanakaa. Nchini Kenya, Septemba 2025, wahadhiri wa vyuo vikuu vya umma waligoma, na mgomo ukadumu siku 49. Sehemu ya dai lao ilikuwa shilingi bilioni 7.9 za makubaliano ya mwaka 2017 hadi 2021. Fedha hizo hazikuwahi kuwa akiba. Zilikuwa mkopo ambao chuo na serikali viliuchukua kutoka kwa wafanyakazi bila kuwaomba, na riba yake ililipwa na wanafunzi kwa muhula uliovunjika.

Kuhusu utawala nitasema kwa kifupi, na kwa haki. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwaka 2011 wataalamu wasiofundisha walioajiriwa vyuoni waliongezeka zaidi ya mara nne, huku wahadhiri wenye ajira ya kudumu au walio njiani kuipata wakiongezeka kwa takribani robo tu. Sehemu ya hao ni washauri nasaha, mafundi wa kompyuta, wasaidizi wa wanafunzi wenye ulemavu. Sitaki kuona hata mmoja wao akiguswa. Lakini ziko pia nafasi za wasaidizi wa naibu, kamati zenye posho, safari za ujumbe mzima mahali ambapo mtu mmoja angetosha, na kampuni za ushauri zinazolipwa ili ziwaambie mlichokwisha kuamua. Mkianzia hapo, sisi wengine tutakuwa na moyo wa kuwasikiliza.

Na msitegemee kwamba ada itaziba kila pengo. Uingereza ilipopandisha kikomo cha ada hadi pauni 9,000 mwaka 2012, iliondoa karibu ruzuku yote ya kufundishia sanaa, lugha na sayansi za jamii. Kisha kikomo kikasimama karibu palepale kwa miaka mingi huku bei za vitu zikipanda, na vyuo vikakimbilia wanafunzi kutoka nje wanaolipa zaidi. Masharti ya viza yalipobanwa kuanzia Januari 2024, maombi ya wanafunzi hao yakapungua, na mwanzoni mwa 2025 Chuo Kikuu cha Cardiff kilitangaza mpango wa kupunguza ajira 400, huku uuguzi, muziki na lugha za kisasa zikiwa katika orodha ya kufungwa. Baadaye baadhi ya mapendekezo yakarudishwa nyuma. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Mwanafunzi wa mbali ni mgeni wa kupokewa kwa mikono miwili, lakini mishahara ya kudumu haiwezi kuegemea viza inayoamuliwa na wizara nyingine.

Basi haya ndiyo ninayowaomba. Jedwali la kubana matumizi liongezwe safu ya muda wa kurudisha, na idara ndiyo iijaze, kisha seneti iihakiki. Hesabu za miaka kumi iliyopita ziwekwe hadharani kabla ya kura yoyote: marejesho ya mikopo, posho, safari, malipo ya washauri, na mgawo wa gharama za jumla kwa kila idara. Ujenzi mpya usimame kwanza. Majarida na programu za kompyuta vinunuliwe kwa pamoja. Mhadhiri anapostaafu katika fani ndogo, nafasi yake isifutwe kimyakimya, bali ijadiliwe kwa jina la fani hiyo na uamuzi uandikwe pamoja na majina ya waliouunga mkono. Wizara nayo iandae ile orodha ya fani zilizobaki na mwalimu mmoja au wawili, iitangaze, na itenge fedha za kuzilinda.

Mkiona hata moja kati ya haya haliwezekani, naomba sababu zake zije kwa maandishi mbele ya seneti, kabla makadirio ya mwaka ujao wa fedha hayajapitishwa.

Wenu katika kazi hii,

Mhadhiri wa chuo kikuu